Meli ikitia nanga Lamu: ushuke mwenyewe au ulipie matembezi ya meli?

Meli ya utalii ikija Lamu haifungi gati mjini. Hutia nanga penye kina, kisha abiria huteremshwa kwa boti ndogo mpaka jeti. Kwa hiyo siku yako ya Lamu haianzi nanga inapoanguka. Inaanza unapoutia mguu wako kwenye ngazi za jeti, na inakwisha boti ya mwisho inapong'oka kurudi melini. (Usichanganye na bandari mpya iliyoanza kazi 2021. Hiyo iko bara, upande wa Kililana, na ni ya mizigo.)

Kabla hujafika, melini utauziwa matembezi yaliyopangwa: kuzunguka mji na kiongozi, kupanda jahazi, labda kijiji cha Shela au magofu ya Takwa. Bei yake huwa kwa dola, na ukiigeuza shilingi unaweza kutafuta kiti ukae. Msimamo wangu ni huu: mji utembee mwenyewe, na ukitaka kuvuka maji kwenda kwingine, lipia mtu. Ama uilipie meli, ama umlipie nahodha wa Lamu, na hilo nalo lina hesabu yake.

Nawaandikia wasemao Kiswahili: Mkenya wa bara aliyepata nafasi melini, Mtanzania aliyepandia Zanzibar, kijana anayefanya kazi melini akapewa nusu siku ya kupumua. Mzungu ana hesabu nyingine, maana yeye hulipia na kutafsiriwa.

Kwanza, hesabu saa ukianzia mwisho

Jioni ya kuamkia Lamu, nenda kwenye meza ya mapokezi uulize mambo matatu. Boti ya mwisho ya kurudi inaondoka jeti saa ngapi? Saa za meli ni sawa na saa za Kenya, au meli imebaki na saa za bandari iliyotoka? Na abiria wanashuka kwa utaratibu gani?

Swali la pili watu hulipuuza. Kuna manahodha wa meli ambao hawabadilishi saa kwa ajili ya bandari ya siku moja, na simu yako ikishika mtandao wa Kenya itajibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Ongeza na hili: karatasi ya meli imeandika 15:00, mwenye boti mjini anakwambia saa tisa. Wewe unajua ni kitu kimoja, lakini ukiwa na rafiki wa kigeni, mwandikie, asije akaelewa saa tatu usiku.

Sasa tuseme meli imetia nanga saa moja asubuhi na boti ya mwisho ni saa kumi alasiri. Kwenye karatasi hizo ni saa tisa. Lakini maofisa wapande kwanza wakague, ndipo boti zianze kushusha. Waliolipia matembezi ya meli hushuka mwanzo, na wewe uliyejitegemea unapewa namba usubiri. Huenda ukaikanyaga Lamu saa tatu. Mwisho wa siku toa saa nzima ya akiba, usiiguse kwa lolote. Umebaki na saa sita. Zinatosha mji na chakula cha mchana kwa raha, au mji na Shela kwa kujihimu. Mji, Shela na Takwa kwa siku moja ni kujitafutia jasho.

Kisha tazama maji

Hapa ndipo matembezi mengi ya kujipangia yanapoharibika, na bahati nzuri ni jambo la kujulikana mapema. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana kwenye saa kumi alasiri na hupwa sana kwenye saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, katikati ya hizo, mambo hugeuka: hujaa kiasi mnamo saa nne asubuhi na kupwa kiasi jioni. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la kujaa na kupwa kwa mwaka mzima, lakini hata kwa kutazama mwezi usiku uliotangulia unaweza kukisia.

Kwa nini ujisumbue? Njia ya miguu kati ya mji na Shela hupita ukingoni mwa maji, na bamvua ikijaa sehemu yake humezwa. Asubuhi ya bamvua, maji yakiwa mbali, utatembea mchangani mpaka Shela bila shida. Jioni ya siku hiyohiyo utarudi na boti, upende usipende.

Takwa ndiyo yenye masharti zaidi. Ni magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, uliohamwa karne ya 17, na unafikiwa kwa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko. Maji yakipwa, mkono huo hubaki matope na boti haifiki. Siku ya bamvua maji yanaanza kuingia humo mchana, na ukifika, ukatembea, ukageuka, saa yako ya akiba imeshaliwa. Siku hiyo mwenye meli ya kurudia aiache Takwa kabisa. Maji mafu yanafaa zaidi kwa saa, ila hayajai sana, kwa hiyo nahodha wa hapo ndiye wa kuulizwa kama boti yake itapita. Akisema haipiti, usimshawishi kwa pesa.

Ngazi za jeti nazo: maji yakipwa, zile za chini hubaki wazi zikiwa na utelezi wa kijani. Viatu vya kamba vyenye soli laini viache chumbani.

Unalipia nini hasa ukinunua matembezi ya meli?

Kitu kikubwa unachonunua ni kungojwa. Kundi la meli likichelewa, meli inajua walipo na inawasubiri au inawapangia njia. Wewe uliyejitegemea ukichelewa, meli inaondoka. Cha pili ni kushuka mapema. Cha tatu ni kwamba bahari ikichafuka na meli ikaghairi kuingia Lamu, pesa zako zinarudi, wakati arbuni uliyomtumia mtu mjini kuirudisha ni maneno mengi. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hilo si jambo la kupuuza, kwa sababu kushusha watu kwa boti ndogo katika mawimbi hakuna mchezo. Meli nyingi hupendelea kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa tulivu.

Usichokipata ni kiti. Wapo wanaolipa wakidhani wataletewa basi, hasa wenye wazazi wazee. Lamu mjini hakuna barabara ya basi. Uchochoro ni wa watu na punda. Kundi la meli linatembea kwa miguu sawa na wewe, tena kwa mwendo wa yule wa mwisho. Kama unaongozana na mzee mwenye magoti mabovu, uliza waziwazi: mnatembea umbali gani, mnapumzika wapi? Mara nyingi itakuwa afadhali umkalishe kwenye kivuli cha miti mbele ya ngome na birika la kahawa karibu, azungumze na wazee wenzake, kuliko kumkokota nyuma ya bendera ya kiongozi.

Halafu fikiria watu ishirini na zaidi kwenye uchochoro ambao ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Punda wawili wanakuja wamebeba mawe, mwenye punda anapiga kelele "Simile! Simile!", kundi zima linajibana ukutani, kiongozi anasubiri, anaanza upya. Na anachoeleza, kwa Kiingereza au Kijerumani, nusu yake ni maana ya karibu, baraza na kanga. Kulipa dola ufundishwe maneno ya mama yako, mimi siwezi.

Njia ya mjini kwa miguu

Ukipanda kutoka jeti, achana kwa upole na watakaokuzunguka (nitawarudia), kisha uelekee Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ni dakika chache tu.

Ngome ya Lamu ilianza kujengwa 1813 na kumalizika 1821. Kuanzia 1910 mpaka 1984 ilikuwa jela. Ingia, panda juu ya kuta, utazame mapaa ya makuti na mabati ili upate sura ya mji kabla hujazama ndani yake. Kiingilio cha makumbusho ya serikali kina viwango tofauti kwa raia na wageni, kwa hiyo beba kitambulisho, hata kama ni picha yake. Malipo mengi siku hizi ni ya simu. Simu isiyo na chaji Lamu ni sawa na kutokuwa na pesa. Ubavuni mwa ngome kuna Msikiti wa Pwani, unaotajwa kuwa wa tangu 1370. Si mahali pa kuingia na kamera.

Kutoka hapo shika Usita wa Mui, njia kuu ya ndani inayokwenda sambamba na bahari. Elekea kaskazini, upande wa Mkomani, kwenye majumba makongwe ya mawe. Usikimbilie kupiga picha milango. Simama mbele ya mmoja. Tazama nguzo ya katikati ambapo mbao mbili zinakutana, uone nakshi zilivyochimbwa: hakuna sura ya mtu wala mnyama, ni maua, majani na duara zinazofuatana. Kisha tazama baraza mbili za mawe kila upande wa mlango, jinsi zilivyolainika kwa makalio ya vizazi. Mgeni mwanamume aliishia hapo barazani au kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na mlango ukifunguliwa macho yake yalikutana na ukuta, si na watu wa nyumbani.

Ukitaka kuona ndani kulikuwaje, ipo Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya kale iliyotengenezwa kuwa makumbusho. Ni ndogo na makundi ya meli hupangwa kuingia kwa zamu, hivyo wahi kabla yao au nenda wakila. Ndani utaona vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana. Wembamba huo haukuwa mapenzi ya fundi: dari ilishikwa na boriti za mikoko, na boriti haipiti urefu wake. Ukutani kuna zidaka, vishimo vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu, ambamo vyombo vya kauri viliwekwa. Kwangu mimi hapa panazidi ngome.

Teremka pwani uingie Makumbusho ya Lamu, ujionee siwa, zile pembe kubwa za kupigwa wakati wa sherehe za watawala, pamoja na mifano ya vyombo vya bahari. Ukiwa na muda, rudi kusini ukapite kwenye jengo la posta ya Wajerumani, walioitumia 1888 hadi 1891 enzi za himaya yao ya Witu. Ni la dakika kumi. Endelea mtaa wa Langoni mpaka Riyadha, msikiti na chuo alichokiasisi Habib Swaleh, ambao ndio moyo wa Maulidi ya Lamu. Huko nenda umevaa vya heshima, dada ajitande, kaka avae suruali ndefu au kikoi, na omba ruhusa.

Kupotea utapotea. Mji umejengwa kwenye mteremko unaoangalia bahari, kwa hiyo fuata mtaro unakoelekea maji na utatokea pwani. Ramani ya simu katika vichochoro hivi hukuzungusha hapo hapo ulipo.

Chakula nitakipitia haraka, kwani mtu haelekezwi njaa yake. Kula ndani ya mji kuliko pwani. Viazi karai, mishkaki na sharubati ya ukwaju vinatosha kwa anayetembea. Mwenye saa moja zaidi aagize samaki wa kupaka, akijua kwamba "sasa hivi" ya jikoni si sasa hivi ya meli. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi mchana imefungwa, basi shuka umeshiba, na usitembee ukitafuna. Ijumaa maduka na ofisi husimama adhuhuri kwa sala. Panga kuwa njiani au mezani wakati huo. Meli ikiangukia siku za Maulidi, katika mwezi wa Mfunguo Sita, mji umejaa na kila kiongozi ana wageni wake. Hapo matembezi ya meli yana faida zaidi kuliko kawaida.

Picha za akina mama usipige bila kuuliza. Unajua Kiswahili, huna kisingizio.

Wale wa jetini

Watakaokupokea ni vijana wa boti, viongozi wenye kitambulisho, na wengine wasio na chochote ila mdomo mtamu. Salamu ijibu kikamilifu, kisha sema unachotaka au kwamba hutaki. "Nashukuru kaka, leo natembea mwenyewe" hutosha ukilisema mara moja bila kusitasita.

Kumkodi kiongozi wa Lamu ni njia ya tatu, iliyo katikati. Huhitaji akuongoze, mji huu hauna mageti. Unamhitaji ikiwa unataka kuingizwa kwenye karakana ya mchonga milango, au kusikia mitaa ya Mkomani na Langoni ilivyokuwa ikishindana. Mwombe kitambulisho cha kazi, patana muda na bei kabla ya hatua ya kwanza, na mwambie wazi saa yako ya kurudi. Dalili ya kiongozi mzuri ni kwamba yeye ndiye anayekuuliza kwanza meli inaondoka saa ngapi. Akianza na duka la shemeji yake, mshukuru na uende zako.

Kiswahili chako kitakupa mazungumzo, hakikupi bei ya mwenyeji. Lafudhi ya Nairobi au ya Dar inasikika kabla hujafika ngazi ya tatu.

Ukivuka maji

Shela iko kama kilomita 3 kusini, mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu. Kuna msikiti wa Ijumaa wa 1829 wenye mnara wa duara unaochongoka, na ufuo wa mchanga unaoendelea kilomita nyingi. Vilima vyake vya mchanga vilishuhudia vita vya Shela, mnamo 1812, Lamu ilipowashinda wa Pate na Mombasa. Boti za abiria huenda na kurudi kutwa. Mapatano ni hivi:

"Salaam aleikum, nahodha."

"Waleikum salaam. Karibu, Shela?"

"Shela. Kiasi gani?"

Anataja bei.

"Hiyo kwa kichwa au boti nzima?"

"Boti nzima."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda."

"Na nikipanda na watu?"

Hapo ndipo bei halisi inapotokea, na jibu huwa: ngoja wajae. Ukiwa na muda, ngoja. Ukiwa huna, kodi boti nzima na wenzako wa melini, mgawane. Kwa boti ya kukodi lipa nusu, nusu nyingine mkirudi jeti, na umtajie saa mara mbili: "Saa nane unusu tuwe tunaondoka Shela." Hakikisha ina mashine inayofanya kazi na maboya ya kuvaa. Jahazi la tanga ni zuri kwa mwenye siku nzima. Mwenye meli ya kurudia anaweza kukutwa na upepo umelala katikati ya mlango wa bahari, na nahodha hana kosa.

Kwa Takwa, na Matondoni wanakounda majahazi, mimi nasema nunua ya meli kama ipo na una wasiwasi wowote na saa. Ni huko, si mjini, ambako kungojwa kuna thamani ya dola zake. Ukimkodi nahodha binafsi, chagua safari ya asubuhi tu.

Ukiachwa

Kabla ya kushuka, piga picha ile sehemu ya karatasi ya meli yenye namba ya wakala wa bandari, na ubebe nakala ya pasipoti, dawa zako na pesa kidogo za akiba. Ukiona umechelewa, mpigie wakala wakati meli bado iko nangani, si baada ya kuisha machoni. Kwa kawaida meli ikiondoka bila mtu humwachia wakala pasipoti yake kama ilikuwa imehifadhiwa melini. Kutoka hapo gharama ni zako: boti mpaka Manda upande ndege ya kwenda Mombasa au Nairobi, au boti mpaka Mokowe, upande wa bara, ukapande basi asubuhi. Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, safari ya siku nzima, kwa hiyo kama bandari inayofuata ni Mombasa na meli inalala huko, ndege ya kesho yake inaweza kukuwahisha. Kama inaelekea Shelisheli, zungumza na wakala kuhusu kurudi nyumbani.